Karanga Katika Kisamvu, Ndizi Pembeni ya Pilau

Mtu aondokapo kwao hubeba, pamoja na nguo zake, kaida za jiko la mama yake, na afikapo ugenini huzitumia kaida hizo kuhukumu vyungu vya watu wengine kabla hajavionja. Aliyelelewa Unguja hushangaa kuona parachichi likikatwa juu ya wali na maharage. Mwenyeji wa Songea, ambaye ameliona parachichi hilo mezani tangu utotoni, hushangaa kwa zamu yake amwonapo Mzanzibari akitia bajia, kachori, mishkaki, yai na chatne katika bakuli moja la urojo wenye uchachu wa embe na kuuita mlo. Na wote wawili, wakisikia kwamba wako watu Brazil wanaolisaga parachichi kwa maziwa na sukari, hutikisa vichwa kwa mshangao wa pamoja.

Ajabu ya chakula, aghalabu, hukaa masikioni na machoni. Ukitamka kwamba dagaa wamepikwa kwa embe, au kwamba mboga ya majani imetiwa unga wa karanga na tui la nazi kwa pamoja, msikilizaji asiyezoea hukunja uso. Mpe sahani, na baada ya tonge la pili hukumu yake hubatilika yenyewe. Hata hivyo sikubaliani na wale wasemao kwamba ladha ni mazoea matupu, na kwamba kila kitu kikikutanishwa na kila kitu kwa muda wa kutosha hugeuka kuwa kitamu. Michanganyiko iliyodumu majumbani, ambayo haikuamriwa na mpishi wa hoteli wala haikungoja kitabu, ilidumu kwa sababu ina kazi inayoifanya chunguni: uchungu hupunguzwa na mafuta, mafuta hukatwa na uchachu, ukali hupozwa na utamu, na upungufu wa nafaka hukamilishwa na jamii ya kunde. Wapishi waliogundua mambo hayo hawakuwa na maabara. Walikuwa na watoto waliokataa kula na watoto waliomaliza sahani, na ithibati hiyo iliwatosha.

Chukua, mathalan, kisamvu kama kipikwavyo Namasakata, mkoani Ruvuma, na katika vijiji vingi vya kusini. Namasakata iko upande wa Tunduru wa mkoa huo ambao makao yake makuu ni Songea. Ni nchi ya Wayao, nchi ya mikorosho na mpunga, ya mihogo, mbaazi na karanga, na kusini yake mto Ruvuma hupita ukiitenga Tanzania na Msumbiji kwa mpaka ambao vyungu havikupata kuutambua. Mgeni aliyetoka mikoa ya kaskazini, akiwekewa ugali wa muhogo na bakuli la kisamvu kizito, chenye rangi ya kijani iliyofifia kuelekea rangi ya udongo, huuliza kwanza kama ndani yake mna nyama, kwa kuwa unono wa mchuzi humfanya adhani hivyo. “Kula kwanza, mwanangu,” mama mwenye nyumba humjibu, “kuuliza hakushibishi.” Nyama haimo. Kilichomo ni karanga.

Upishi wenyewe hautaki haraka. Huchumwa majani machanga ya muhogo, yale ya ncha tu, kwa maana yaliyokomaa yana nyuzi na uchungu; hutiwa kinuni na kutwangwa mpaka yalainike, kisha huchemshwa kwa muda mrefu katika chungu ambacho mwanzoni hakifunikwi. Katika mpangilio huo wa kutwanga kabla ya kuchemsha mna elimu kubwa kuliko mtu anavyoweza kudhani. Majani ya muhogo yana kitu kiitwacho linamarini, ambacho jani lipondwapo hukutana na kimeng’enya kilichomo ndani ya jani lilo hilo, na makutano yao hutoa sianidi, ambayo ni sumu. Lakini sianidi hiyo huchemka na kuruka hewani kwenye joto la nyuzi 26 hivi, joto la siku ya kawaida ya Tunduru, sembuse la chungu kilicho motoni. Mpishi ambaye angechemsha majani mazima kwanza angekiua kimeng’enya kabla hakijamaliza kazi yake, na sehemu ya linamarini ingebaki ndani ya jani. Bibi zetu hawakulijua jina la kimeng’enya, ila walijua kwamba kinu hutangulia jiko, na wakaisimamia kanuni hiyo kwa ukali ambao mjukuu mvivu aliuona kuwa ni maonevu.

Karanga nazo hukaangwa kidogo, zikapetwa maganda, zikatwangwa na kuchekechwa, na unga wake hukorogwa kwanza kwa maji baridi usije ukafanya madonge. Kisha humiminwa chunguni taratibu huku mwiko ukienda bila kusimama, kwa sababu karanga zikiachwa bila mlinzi hupanda na kumwagika motoni, au hushika chini na kuungua. Ishara ya kuiva ni mafuta kuelea juu. Panapolimwa korosho, zile zilizovunjika, ambazo sokoni hazipati bei, huweza kushika nafasi ya karanga, na mchuzi wake huwa laini na mtamu zaidi. Aliye na nazi huongeza tui, jepesi kwanza na zito mwisho. Aliye mbali na minazi huishia kwenye karanga wala hana haja ya kuona haya, na mimi binafsi nakiona kisamvu cha karanga tupu kuwa na ladha iliyo wazi zaidi kuliko kile ambacho tui na karanga hushindana ndani yake, kila kimoja kikitaka kitajwe cha kwanza.

Karibu nusu ya uzito wa karanga ni mafuta, na robo yake ni protini. Mafuta hayo hufunika uchungu wa jani usifike ulimini kwa ukali wake wote, na hufanya jambo jingine ambalo ulimi hauna habari nalo: ile rangi iliyomo katika mboga za kijani, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, haifyonzwi vema tumboni isipokuwa ikisindikizwa na mafuta, kwa hiyo sahani ya majani yaliyochemshwa kwa maji na chumvi tu huwa na hazina ambayo mlaji wake hana ufunguo wa kuifungulia. Jani la muhogo lina protini nyingi ilhali mzizi wake karibu hauna kabisa, hata imekuwa ni ihsani ya mmea mmoja kutoa ugali na kutoa pia mboga ya kuufidia.

Msomaji anayedhani kwamba chakula hiki ni cha jadi tangu mwanzo wa dunia na atazame nasaba za vitu vilivyomo. Muhogo na karanga asili yake ni Amerika ya Kusini, navyo vilifika Afrika katika zama za Wareno, kuanzia karne ya 16, sawa na mahindi, pilipili, na mkorosho ambao kwao ni Brazil. Mnazi ulikuja kwa njia ya bahari kutoka Asia. Mbaazi zililimwa kwanza Bara Hindi. Wenyeji halisi wa udongo wa Afrika katika jiko la kusini ni mtama, kunde, njugu mawe na wachache wengineo. Maana yake ni kwamba palikuwa na siku, ambayo hakuna aliyeiandika, ambapo mwanamke fulani alitia kwa mara ya kwanza karanga ngeni katika majani mageni, na yamkini jirani yake alisimama mlangoni akacheka. Hakuwa akibuni jambo kutoka hewani, kwa maana huenda mama yake alikwisha kutia njugu mawe katika mboga za porini. Aliona tu kwamba mgeni huyu ana tabia za ndugu anayemfahamu, akampa kazi ile ile. Hivyo ndivyo ubunifu mwingi wa majumbani unavyokwenda: kitu kipya hukalishwa mahali palipokwisha kuwa na kiti.

Kwamba mchanganyiko huu si anasa kulithibitika kwa njia ya masikitiko ng’ambo ya mpaka. Vita vya Msumbiji viliwafukuza watu wengi sana kukimbilia Malawi katika miaka ya 1980, nao wakaishi kwa mgao wa chakula ambao sehemu yake kubwa ilikuwa mahindi. Karanga zilikuwamo katika mgao huo. Ugavi wake ulipokatika, baina ya Februari na Oktoba 1990, waliugua pelagra wakimbizi zaidi ya 17,000. Pelagra huanza kwa ngozi kuwa nyeusi na kuchubuka mahali panapopigwa na jua, hufuatiwa na kuhara, na ikiachwa huvuruga akili na huua. Sababu yake ni ukosefu wa niasini, vitamini ambayo imo katika mahindi lakini imefungika ndani ya punje kiasi kwamba mwili hauipati. Watu wa kale wa Meksiko waliifungua kwa kuchemsha mahindi katika maji ya chokaa, na mahindi yalipovuka bahari mbegu zilikuja bila maarifa hayo. Huku kwetu, bila ya mtu yeyote kuagiza, karanga ziliziba pengo, kwa kuwa niasini zinayo tele na haikufungwa. Wamsumbiji hukiita kisamvu chao cha karanga na nazi matapa, nao hukitia kamba au kaa. Wamalawi huita nsinjiro unga wa karanga wautiao katika mboga. Wabemba wa Zambia wana ifisashi yao. Watu wale kambini walinyang’anywa, kwa kukatika kwa mfuko mmoja katika ghala, kitu ambacho mama zao walikuwa wakikitia chunguni kila juma bila kukiita dawa.

Serikali ya Uingereza nayo iliwahi kuzitamani karanga, ingawa haikuwa na haja ya kisamvu. Mwaka 1947 ilianzisha mradi mkubwa wa kuzilima Tanganyika, katika Kongwa, Urambo na Nachingwea, ili ipate mafuta kwa ajili ya watu wake waliokuwa bado wakila kwa mgao baada ya vita. Matrekta yalivunjika, udongo wa Kongwa ulikauka ukawa mgumu, mvua haikutii mipango iliyoandikwa London, na mwaka 1951 mradi ulikwisha kwa hasara ya pauni milioni 36 hivi. Nachingwea ni jirani wa Tunduru kwa upande wa mashariki. Na katika miaka yote hiyo ya kishindo, kwenye vishamba vya kando ya nyumba, wanawake wa kusini waliendelea kuvuna karanga za kuvitosha vyungu vyao, bila trekta na bila ripoti.

Kutoka kwenye mafuta tupite kwenye utamu, ambao ndio unaozua mabishano makali zaidi mezani. Pilau yenye nyama na bizari, ikiliwa na ndizi mbivu pembeni, humstaajabisha mgeni wa Ulaya, ambaye kwao tunda huja mwisho wa mlo. Walakini yeye huyo hula bata kwa mchuzi wa machungwa na batamzinga kwa jamu, wala hajioni kuwa amefanya ajabu. Desturi yetu ina umri. Ibn Battuta, msafiri wa Tanja aliyepita mwambao huu mwaka 1331, ameeleza jinsi alivyokirimiwa Mogadishu kwa wali uliopikwa kwa samli, ukazungukwa na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, ndimu na pilipili za achari, tangawizi mbichi na maembe, mlaji akichukua tonge la wali na kulifuatisha na kimojawapo cha hivyo. Na kuhusu watu wa Mombasa akataja kwamba chakula chao zaidi ni ndizi na samaki. (Pilipili alizozionja bila shaka si hizi zetu za leo, ambazo wakati huo zilikuwa zingali ng’ambo ya Atlantiki.) Wasomali mpaka sasa huweka ndizi pembeni ya wali na nyama, na hata pembeni ya tambi, nao wamehama na desturi hiyo mpaka Minneapolis, ambako kila mkahawa wao humpa mlaji ndizi yake bila kuulizwa. Kazi ya ndizi ile ni kupumzisha kinywa: bizari, karafuu na mafuta ya nyama, baada ya matonge kadhaa, huchosha ulimi usiweze tena kutofautisha, na kipande cha utamu huurudisha mwanzo. Anayeila ndizi yote mwishoni, kama tunda la kufungia, amekosa kuielewa.

Kaskazini ya mwambao, Lamu na Mombasa, mchanganyiko wa namna hii hutawala asubuhi. Mahamri yenye iliki na sukari huliwa kwa mbaazi zilizopikwa kwa tui, chumvi na pilipili, na mtu akiyatazama mambo hayo kwa macho ya mantiki tupu atasema kwamba andazi tamu lilistahili chai na mbaazi zilistahili wali. Lakini tui limo katika mbaazi, na katika nyumba nyingi limo katika unga wa mahamri pia, na huo ndio uzi unaovishona vitu viwili visivyofanana. Kadhalika ukali wa pilipili, ambao huyeyuka katika mafuta wala hauyeyuki katika maji, hushikwa na tui lile lile na kufikishwa kinywani ukiwa umelegea. Jambo linalonisikitisha ni kwamba mlo huu haukupata kuenea sana katika nchi ya mbaazi zenyewe. Lindi, Mtwara na Ruvuma hulima mbaazi kwa wingi, na wakulima wengi wamezizoea zaidi kama zao la kuuza. Kwa hiyo India, mnunuzi wao mkubwa, ilipoweka kikomo cha kuagiza mbaazi mwezi Agosti 2017, bei iliporomoka na magunia yakabaki ndani ya nyumba. Sisemi kwamba mahamri yangeliwaokoa, maana hakuna sufuria iwezayo kumeza biashara ya mikoa mitatu. Nasema tu kwamba gunia linaloliwa asubuhi kwa furaha ni gunia ambalo halimsubiri mnunuzi.

Uchachu una historia yake katika mkoa wa Ruvuma. Usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa, huvuliwa Mbamba Bay na sehemu nyingine za ukingo wa ziwa, hukaushwa, na huletwa masoko ya Songea na kwingineko, ambako harufu yao huwatangulia. Wako wanaowapika kwa karanga, na ni wazuri; lakini mapishi ninayoyatukuza ni yale ya miezi ya Oktoba na Novemba, wakati vihenge vinaanza kuonyesha sakafu na maembe bado ni mabichi mtini. Usipa huoshwa kwa maji ya moto, hukaangwa kidogo pamoja na kitunguu, na vipande vyembamba vya embe bichi hutiwa mahali pa nyanya, ambazo wakati huo huenda zikawa ghali au hazipo. Harufu kali ya dagaa hutokana na vitu vyenye asili ya amonia, navyo vikikutana na tindikali ya embe hunyamazishwa, ndiyo sababu ndimu, ukwaju na siki vimefungamana na samaki katika kila bahari ya dunia hii. Zaidi ya hayo embe bichi lina vitamini C, ambayo husaidia mwili kuyapokea madini ya chuma yaliyomo katika majani na maharage, na moto mrefu huiharibu. Hivyo mpishi anayelitia embe mwishoni, kwa sababu tu hataki lipondeke, anapata faida mbili kwa nia moja. Mkaaji wa pwani hatashangaa kwa hili, kwa kuwa mchuzi wa samaki na embe bichi, au wa mbirimbi, kwake ni kitu cha kila siku. Atakayeshangaa ni mtu wa nyanda za juu ambaye kwake embe ni tunda la kuliwa njiani, na ambaye mkewe, ikiwa amejaaliwa kuoa Tunduru, atamfundisha polepole.

Bibo halina bahati ya embe. Hilo ni tunda lenye maji tele ambalo korosho huning’inia chini yake, lina vitamini C kuzidi chungwa mara kadhaa, na pamoja na fadhila hizo sehemu yake kubwa huozea chini ya miti au hugeuzwa pombe, kwa sababu ukakasi wake hukamata ulimi na koo, na doa lake nguoni halitoki. Watoto wa kusini wanajua la kufanya: hulikata, hulinyunyizia chumvi, wengine na pilipili, hulingoja kidogo, kisha hulila. Chumvi hupunguza ukakasi na kuuvuta utamu mbele, kama ifanyavyo kwa embe changa na nanasi. Sijaona nyumba ya watu wazima inayoliandaa bibo mezani kwa heshima, na nadhani hiyo ni hasara iliyosababishwa na kiburi, kwa kuwa kitu kinacholiwa na watoto juu ya miti hudhaniwa kuwa hakifai sahani. Tofauti na hapo, muhogo mbichi unaotafunwa pamoja na kipande cha nazi na karanga za kukaanga umepata utukufu mkubwa katika mitaa ya Dar es Salaam, ambako wauzaji huvipanga vitu hivyo vitatu kwenye sinia moja na wanaume huvinunua kwa matumaini ambayo gazeti la familia halina haja ya kuyafafanua. Mchanganyiko huo ni mtamu kwa haki yake. Ila muhogo uwe ule mtamu, maana ule mchungu una sumu nyingi, na nazi haiwezi kuiondoa.

Haifai kuzungumza juu ya yale yanayopatana bila kutaja yale yanayosemwa kwamba hayapatani. Waswahili wa mwambao wana elimu ya zamani, waliyoipata kwa njia ya Waarabu kutoka tiba ya Kiyunani, inayogawa vyakula kuwa vya joto na vya baridi na kumtaka mpishi avipatanishe, na katika elimu hiyo hiyo, kama ilivyoenea Uarabuni na Bara Hindi, samaki na maziwa havikai pamoja, kwa hofu kwamba huleta mbalanga. Uganga wa kisasa haukuikubali hofu hiyo, na Wazungu wa kaskazini hupika samaki kwa maziwa vizazi kwa vizazi ngozi zao zikiwa salama. Lakini simlaumu bibi anayeishika, kwa maana elimu iliyompa katazo hilo ndiyo iliyompa pia tangawizi katika chai na mdalasini katika nyama, na hakuna aliyemwachia orodha ya kutenganisha yaliyo kweli na yasiyo.

Ninaowalaumu ni wale wanaochanganya kwa ajili ya kuonekana. Siku hizi pilau hupelekwa harusini ikiwa imemwagiwa mayonezi, na mchuzi wa samaki ulio na ukwaju wake, nazi yake na bizari yake huongezewa kipande cha kiungo cha mchemraba cha dukani, ambacho huvipa vyakula vyote ladha moja, hata mtu akifumba macho asijue kama anakula kuku au kunde. Michanganyiko hiyo ni mipya, lakini upya wake si ubunifu: mayonezi haipunguzi kitu katika pilau wala haikamilishi, bali hulaza mafuta juu ya mafuta, na kiungo cha mchemraba hakiongezi sauti bali huzima zilizokuwapo. Kipimo changu ni chepesi. Ondoa kimoja katika viwili vilivyochanganywa, uonje kilichobaki. Ikiwa hakuna kilichopungukiwa, mchanganyiko ulikuwa ni pambo.

Kwa kipimo hicho hata kiporo hushinda. Wali wa jana uliochanganywa na maharage yake, ukapashwa moto kwa mafuta kidogo mpaka chini ufanye ukoko, ukaliwa asubuhi kwa chai ya rangi yenye sukari, ni chakula ambacho hakuna mkahawa unaojiheshimu ungethubutu kukiandika katika orodha yake, na ambacho nusu ya nchi imekwenda nacho shule. Wali hauna lisini ya kutosha, ambayo maharage yanayo. Maharage nayo hupungukiwa methionini, ambayo wali unayo. Na chai tamu hufanya kazi ile ile ifanywayo na ndizi pembeni ya pilau. Lawama moja nitaitaja kwa uadilifu: chai huzuia mwili kupokea madini ya chuma ya maharage, kwa hiyo mwenye upungufu wa damu na ainywe baadaye, na kipande cha embe au chungwa kishike nafasi yake.

Liko suala moja ambalo sina uwezo wa kulikatia shauri, nalo hurudi kila mwaka mwezi wa Ramadhani, Namasakata kama Tanga na Pemba. Viazi vitamu na mihogo ya futari, ikisha kuiva katika tui, hutiwa chumvi au sukari? Nimewasikia watu wazima, wenye kufunga na kuswali, wakilijadili jambo hili baada ya tarawehe kwa ukali ambao hawakuutumia katika siasa. Wa chumvi husema kwamba tui tayari lina utamu na sukari huufanya mlo kuwa peremende, na wa sukari hujibu kwamba aliyeshinda njaa tangu alfajiri anastahili kitu kitamu na chumvi ataikuta katika samaki. Hoja zote mbili ni sahihi, na kipimo changu cha kuondoa na kuonja hakisaidii, maana kila upande hukiona kilichobaki kuwa kimepungukiwa. Katika nyumba moja ya huko, ambamo mume ni wa sukari na mke ni wa chumvi, hupikwa sufuria mbili, na watoto hupakua kutoka zote.